Mwinjilisti Asiyeaga

Kabla hajawa mtu wa kuhubiri, alikuwa fundi rangi. Alipaka maduka, zahanati, nyumba za watu waliofunga ndoa karibuni, na kazi hiyo haikumtoka hata alipoiacha. Akiingia nyumba ya mtu kwa mara ya kwanza, macho yake yalipanda ukutani kabla hayajashuka kwa mwenye nyumba. Mkewe alikuwa akimfinya kiwiko. "Salimia watu kwanza," alimnong'oneza. "Ukuta hauendi popote."

Watu walimwita Spika. Gari la misheni alilopewa lilikuwa na kipaza sauti kilichofungwa juu kwa waya, lakini waliomjua walisema kipaza sauti kile kiliwekwa ili kimpumzishe yeye kidogo. Alikuwa na mdomo, hilo hakuna aliyebisha. Angeweza kusimama mbele ya watu waliokuja kumzomea, na baada ya muda mfupi wakawa wanamletea kiti.

Misheni ilikuwa na utaratibu wake. Ilimpeleka mtu na familia yake kwenye kituo cha mbali, huko akakaa mwaka, mwaka na nusu, kisha ikawapa likizo fupi. Likizo hiyo haikuwa ya kupumzika hata kidogo. Ilikuwa ya kuzunguka nyumba za marafiki wa misheni, wale waliowaombea na kuwatumia nguo na dawa, wakae nao, wanywe chai, wawaeleze habari za kituo. Nyumba moja leo, nyingine kesho. Spika na mkewe walizijua sebule hizo zote: makochi yenye vitambaa vya kufuma, picha ya harusi iliyoning'inizwa juu mno, kabati la vyombo ambavyo havitumiki. Kila walipofika, Spika alisimulia kisa cha mbuzi aliyeingia katikati ya mahubiri akaenda kulala miguuni pake. Mkewe alikuwa amekisikia kisa kile mpaka angeweza kukisimulia akiwa usingizini, lakini alicheka palepale panapochekesha, na alicheka kwa moyo, maana hiyo nayo ilikuwa kazi.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike.

Kituo chao cha kwanza hakikuwa na shule. Mtoto alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza, wakamwacha kwa rafiki yao mwokaji mikate. Mwokaji na Spika walijuana tangu ujana, siku Spika alipopaka rangi kiwanda chake kidogo cha mikate na unga ukamganda kwenye rangi mbichi, akalazimika kuanza upya. Walikosana asubuhi, jioni wakala pamoja, na urafiki ukaanzia hapo. Mke wa mwokaji aliitwa na wote Mama Hamira, kwa sababu hasira zake ziliumuka upesi na kushuka upesi. Watoto wao walikuwa wamekua na kwenda zao. Nyumba ilikuwa na nafasi, na moyo wa Mama Hamira ulikuwa na nafasi kubwa kuliko nyumba.

Siku ya kwanza ya kuagana ilikuwa ya kutisha. Mtoto alishika mlango wa gari akalia mpaka sauti ikakatika. Mwokaji alimbandua kidole kimoja kimoja. Spika aliendesha bila kuona barabara, na mkewe hakusema naye mpaka walipofika kituoni.

Waliporudi likizo iliyofuata, Spika akaja na wazo. "Safari hii tuondoke akiwa shuleni," alisema. "Akirudi akute tumeshakwenda. Hatalia, sisi hatutalia. Tumpunguzie mzigo."

"Bila kumuaga?" mkewe aliuliza.

"Kuaga ndiko kunakoumiza, mke wangu. Kubaki hakuumizi."

Mkewe hakuridhika, ila siku ile ya mlango wa gari ilikuwa bado imemkaa kifuani, akanyamaza. Wakafanya hivyo. Mwokaji aliwaeleza baadaye kwamba mtoto hakulia. Spika akaona ameshinda. Tangu hapo ukawa ndio mtindo wao: wanakuja, wanakaa siku chache, wanacheka na mtoto, halafu mchana mmoja akiwa darasani, wanaondoka.

Sasa mtoto alikuwa darasa la sita, na mambo yalikuwa yamebadilika. Misheni ilikuwa imewahamishia kituo kipya, mji mdogo wenye shule nzuri, umbali wa kutembea kutoka mlangoni pao. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Spika alitoa brashi zake za zamani, akazilainisha kwenye mafuta ya taa, akapaka chumba cha binti yake kwa mkono wake, rangi ya njano iliyopoa, isiyouma macho. Alipaka mara mbili, kisha akaona kona moja haijamridhisha, akarudia chumba kizima. Mkewe alikuwa akija kusimama mlangoni na kuchungulia tu.

Walipoanza mzunguko wa likizo ile, Spika hakuweza kujizuia. Katika kila sebule alitangaza: "Safari hii tunamchukua mtoto wetu!" Watu walishangilia, wakashikana mikono, wakaomba. Muuguzi mmoja mstaafu tu, mama mkavu wa maneno, ndiye aliyeweka kikombe chini na kuuliza, "Na mwenyewe amesemaje?"

"Nani, dada?"

"Mtoto."

Spika akacheka. "Mtoto aseme nini, dada yangu? Anakwenda kwao."

Muuguzi akakinyanyua kikombe chake tena, akanywa.

Nyumba ya mwokaji waliiweka ya mwisho, ili wakitoka pale waende moja kwa moja kituoni na mtoto. Walifika saa za mchana. Mwokaji alitoka na aproni, mikono ikiwa na unga mpaka kwenye viwiko, akawakumbatia kwa kutumia mabega tu.

"Shemeji, karibu! Naona Spika bado hujaizima," alimwambia mke wa Spika.

"Swichi yake imeharibika, shemeji. Nimetafuta fundi, nimekosa."

Wakacheka wote. Mama Hamira aliwaandalia chumba cha wageni kama kawaida, akatandika mashuka yaleyale ya maua ya zambarau ambayo yalikuwa yao kila walipokuja.

Binti alirudi kutoka shule akipitia njia ya mbali, ile inayozunguka nyuma ya nyumba. Spika alimwona kupitia dirishani amesimama kidogo kwenye kona ya uzio, anatazama uani, kisha akaingia. Alikuwa amerefuka. Alikuwa na mikono ya mama yake na paji la uso la baba yake.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Habari za safari?"

"Marahaba, mwanangu. Salama. Njoo hapa!"

Alikuja, akakumbatiwa, kisha akaokota mabegi yao yaliyokuwa bado sebuleni na kuyapeleka chumbani. "Maji ya kuoga yapo moto, mkitaka," alisema. "Mtaondoka lini?"

Kila walipokuja aliuliza swali hilo kwanza. Spika alikuwa akilichukulia kuwa ni hamu ya mtoto anayetaka wakae zaidi. Safari hii alikuwa na jibu tamu mdomoni.

"Tutaondoka Ijumaa," alisema, "na tutaondoka na wewe."

Akamweleza yote: shule, nyumba, chumba. Alitumia sauti yake yote ya barabarani. Binti alisikiliza akiwa amesimama, kama msichana anayepokea maagizo ya dukani.

"Sawa, baba," alisema.

"Umefurahi?"

"Ndiyo, baba. Asante." Akaenda kubadili nguo za shule.

Spika alimgeukia mkewe uso ukiwa umechanua. "Umeona?"

"Nimeona," mkewe alisema.

Wakati wa chakula, jioni ile, binti aliinua kichwa na kuuliza, "Mama, chumvi iko wapi?" Wanawake wote wawili wakaitika kwa pamoja. Mwokaji alisogeza chumvi kwa kidole na kusema, "Mimi nikiita mama, haitikii hata mmoja," nao wakacheka, ila Mama Hamira aliinuka kwenda kutazama kitu jikoni na akakaa huko muda mrefu.

Siku zilizofuata zilikwenda vizuri, au hivyo ndivyo Spika alivyoona. Binti alikwenda shule, akarudi, akasaidia kupaka mafuta kwenye vyombo vya kuokea, akafanya hesabu zake mezani. Kila aliporudi alipita njia ile ya nyuma. Wakati mwingine alikwenda duka la mikate, lililo jirani na soko, akamsaidia mwokaji kuuza. Mkewe Spika ndiye aliyeliona jambo. Alhamisi alimvuta mumewe pembeni.

"Hajafunga hata gauni moja."

"Atafunga. Nguo za mtoto ni mzigo wa kutisha?"

"Sanduku tulilomletea nimeliona uvunguni. Tupu, bado liko kwenye nailoni yake ya dukani."

"Mke wangu, usitafute maji ya kuzamia pakavu. Amesema sawa."

"Amesema sawa kama unavyomwambia sawa mtu anayekuuzia kitu mlangoni, ili aondoke."

Spika akaenda kukagua matairi ya gari. Alikuwa na namna yake ya kujifanya hamnazo pale neno lilipomgusa.

Ijumaa asubuhi binti alivaa sare. Baba yake akashangaa. "Leo tunasafiri, mama yangu."

"Najua, baba. Nataka niende shule."

"Ah! Kuwaaga walimu na wenzako. Vizuri sana, nenda. Lakini ukitoka saa sita uje moja kwa moja. Tunakusubiri wewe tu."

"Sawa, baba."

Binti aliwapa mkono wote wawili. Akamkumbatia mama yake kidogo zaidi ya kawaida. Spika alifurahia jambo hilo asubuhi nzima.

Walipakia gari. Mama Hamira hakusaidia. Yeye, ambaye siku nyingine angekuwa anatoa amri kama mkuu wa kituo cha polisi, alikuwa uani na beseni, anafua. Alifua kila alichokiona. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Aliingia chumba cha wageni akavua mashuka ya zambarau, akayafua, akayaanika kwenye kamba.

"Dada, pumzika," mke wa Spika alimwambia.

"Nikipumzika mikono itauliza maswali," Mama Hamira alisema, na hakugeuka.

Saa sita ikafika, ikapita. Spika alikaa kwenye kiti cha dereva mlango ukiwa wazi. Saa saba. Alikwenda mpaka shuleni. Mlinzi akamwambia watoto wametoka zamani, na binti alitoka na wenzake. Akarudi haraka akidhani wamepishana. Mtoto hakuwepo. Mkewe alikuwa ameshasimama katikati ya ua mikono kichwani.

Mama Hamira aliinuka kutoka kwenye beseni. Alitazama kona ya uzio, kisha akatazama kamba ya nguo, na uso wake ukabadilika.

"Mungu wangu," alisema. "Mashuka."

"Mashuka yamefanyaje?" Spika aliuliza.

"Shemeji, hivi hujui? Anapita nyuma ili aone kamba. Tangu yuko darasa la nne. Mkiondoka mimi hufua mashuka yenu siku hiyohiyo. Akiyaona yameanikwa, anajua mmekwenda, haingii ndani. Anapitiliza dukani kwa baba... kwa mume wangu. Anauza mikate mpaka jioni." Alijifuta mikono kwenye kanga, akajifuta tena ingawa ilikuwa imekauka. "Zamani alikuwa anarudi mbio, shemeji. Anakimbia njia nzima, begi linampiga mgongoni, anaingia anaita, anakuta chumba kitupu. Ndipo akaanza kupita nyuma. Sikufikiri leo. Wallahi sikufikiri."

Mke wa Spika alikaa chini palepale, kwenye sakafu ya saruji iliyolowa maji ya sabuni.

Spika alikwenda dukani kwa miguu. Hakukumbuka kwamba ana gari. Alipita sokoni katikati ya watu waliomjua na kumwita, hakumwitikia hata mmoja.

Duka lilikuwa dogo, lina kaunta ya mbao na rafu nyuma yake, na harufu ya mkate ulioiva ilikuwa imejaa mpaka nje. Binti alikuwa nyuma ya kaunta, bado na sare, amefunga aproni iliyomzidi. Alikuwa anamfungia mteja mikate kwenye karatasi. Aliinua macho, akamwona baba yake mlangoni, na mikono yake ikasimama.

"Bado mpo?" aliuliza.

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama mtu aliyeshangaa kweli. Mwokaji alikuwa ndani, kwenye tanuri. Alichungulia, akaona, akamsindikiza mteja yule nje kwa upole, kisha akarudi ndani na hakutoka.

"Nilikwambia tunakusubiri," Spika alisema.

"Ulisema."

"Sasa?"

Binti alipanga karatasi za kufungia, kingo kwa kingo. "Mara ile ulisema nikitoka shule tutakwenda kununua viatu."

Spika alikuwa hakumbuki viatu. Alitafuta kichwani, hakuviona.

"Na mara nyingine ulisema nikirudi utanisikiliza nikisoma shairi langu, lile lililonipatia zawadi. Nilirudi mbio." Alisema bila kulia, kama anayesoma kwa sauti darasani. "Sikukasirika, baba. Mama wa hapa alisema mlikuwa hamtaki nilie. Leo nimeona mashuka, nikajua ni hivyohivyo. Nikasema basi, safari njema."

Mtu huyu ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, siku ile alisimama mbele ya kaunta ya mikate akafungua mdomo, ukakaa wazi. Alivuta kigoda cha wateja akakaa. Akawa mfupi kuliko binti yake.

"Nilidhani nakupunguzia," alisema hatimaye.

"Najua."

"Nimekupakia chumba rangi. Ya njano."

"Njano ya namna gani?"

"Iliyopoa. Kama..." Akatazama huku na huko. "Kama ule mkate pale, upande wake wa chini ambao haujaungua."

Binti alitabasamu kidogo, ndiyo mara ya kwanza tangu waje. "Nitakuja kukiona likizo," alisema.

Spika alielewa. Alikuwa baba yake. Angeweza kusema neno moja na mtoto angepanda gari. Angefunga sanduku, angekaa kiti cha nyuma na mikono mapajani, angesema sawa baba mpaka kituoni na kila siku baada ya hapo. Alilitafuna neno hilo muda mrefu. Aliona nyumba yenye vyumba viwili, na mkewe amesimama kwenye mlango wa kile cha pili.

"Nikikuuliza, utaniambia kweli?" alisema.

"Ndiyo."

"Unataka kuja kukaa na sisi?"

Binti alishika ncha ya aproni. "Nawapenda," alisema. "Lakini kukaa na nyinyi sikujui, baba. Hapa nikiamka nawajua waliopo."

Nje, muuza nyanya alikuwa anagombana na mteja kwa sauti kubwa. Spika alisikiliza ugomvi ule mpaka mwisho, kama vile ulikuwa unamhusu.

"Basi," alisema. "Njoo tukamuage mama yako."

Walitembea pamoja mpaka nyumbani. Hakumshika mkono, kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa. Walipovuka barabara binti ndiye aliyemshika, akamwachia walipofika ng'ambo.

Mkewe alipowaona wakiingia getini, alitazama nyuso zao na hakuuliza. Alikuwa amebadili gauni lililolowa. Alimchukua binti yake, akamkumbatia, akamnusa kichwa, akamwachia, akamkumbatia tena. "Nisamehe," alisema. "Nisamehe mwanangu. Niliona, nikanyamaza."

Hapo ndipo binti alipolia. Alilia kama mtoto mdogo, mdomo wazi, aproni imekunjamana katikati yao. Mama Hamira aligeukia ukutani. Mwokaji, aliyekuwa amewafuata kwa mbali, alibaki getini anatazama viatu vyake vyenye unga. Na Spika alisimama pale, akakiangalia kitu kile alichokuwa akikikimbia miaka yote, hakusogea. Walilia mpaka wakachoka. Hakuna aliyebanduliwa vidole.

Sanduku tupu walilishusha kwenye gari, likarudi uvunguni. Mke wa Spika alipanda. Alikuwa na macho ya mtu aliyetoka mazishini, lakini alifunga mlango wake mwenyewe.

Binti alikuja upande wa dereva. "Mtarudi lini?"

Siku zote alikuwa na jibu la swali hilo. Karibuni, mwanangu. Si muda. Kabla hujajua. Alikuwa amelisema kwenye simu, amelisema kwenye kadi, amelisema hata katika sebule za marafiki.

"Sijui," alisema. "Mpaka misheni watupe likizo nyingine. Huenda mwaka, huenda zaidi. Huenda nikute umenipita urefu."

Binti alifikiri. Alijifuta uso kwa mkono wenye unga, ukabaki mstari mweupe shavuni.

"Mwaka," alirudia, kama anayepima kitu mkononi. "Haya. Huo naweza kuusubiri."

Spika aliwasha gari. Mkewe alikuwa anatazama mbele. Binti alirudi nyuma akasimama kati ya mwokaji na Mama Hamira, na hakuingia ndani mpaka gari lilipokata kona.